Dereva Mzee, Leseni Mpya

Jumatatu, 8 Januari
Mvua nyembamba tangu asubuhi. Barabara sijui, nimeiona kupitia dirisha tu. Kilomita: sifuri.

Miaka thelathini na mmoja nimejaza daftari la safari: hali ya hewa, barabara, kilomita, hitilafu za gari. Sasa nimestaafu, nimevuka nchi na bahari kuja kukaa kwa binti yangu, na mkono bado unawasha kuandika. Basi nitaandika humu mpaka nipate leseni ya huku. Nikiipata, nitauacha mkono upumzike.

Sababu ya leseni ni moja na ina umri wa miaka saba. Ni mjukuu wangu. Namwita Bosi kwa kuwa ndiye anayetoa amri humu ndani. Alizaliwa mguu wa kushoto umepinda, mwaka jana wakamfanyia upasuaji, na sasa kila Jumanne na Alhamisi mchana lazima afike kituo cha mazoezi, kilomita thelathini na nne nje ya mji, ambako basi haliendi. Mama yake ni mkunga, saa hizo yuko wodini. Baba yake yuko kwenye visima vya mafuta katikati ya bahari, harudi mpaka mwezi wa tano. Anayempeleka ni jirani wa ghorofa ya juu, fundi wa lifti, mtu wa watu kwelikweli, lakini anahama mwisho wa Februari. Na kituo wameshasema: mtoto akikosa mara mbili mfululizo, nafasi anapewa mwingine. Foleni ya kungoja ni ya mwaka mzima. Daktari naye amesema mguu haungoji mwaka.

Nikamwambia binti yangu, "Hilo tu, mwanangu? Dereva si unaye humu ndani?"

Akacheka kidogo, si sana.

Jumatano, 10 Januari
Mvua. Kilomita: sifuri.

Ofisi ya leseni. Dada wa dirishani aliikagua leseni yangu ya magari makubwa, mbele na nyuma, kisha akanirudishia kwa adabu zote. "Hii huku haitambuliki, mzee. Utaanza kama mwanafunzi."

Nikamwuliza kama amewahi kuona trela lenye matairi ishirini na mawili. Akanipa fomu.

Masharti ni haya: mtihani wa kuandika, masomo kumi, kisha mtihani wa barabarani. Ukianguka mara tatu, unakaa miezi sita ndipo uombe tena. Nilitoka pale nimevimba. Miezi sita ya nini, wakati mimi mara moja inanitosha na chenji inabaki?

Ijumaa, 19 Januari
Mtihani wa kuandika nimepita. Maswali hamsini, nimekosa mawili, yote ya baiskeli.

Jumatatu, 22 Januari
Manyunyu. Barabara imelowa. Kilomita: kumi na moja.

Somo la kwanza. Mwalimu ni binti wa miaka ishirini na sita, ana koti la njano na subira ya kutisha. Nilifungua mlango, nikaketi, nikafunga mkanda, nikanyoosha mikono kushika usukani. Haupo. Huku usukani uko kushoto, na mwalimu alikuwa amesimama nje kwenye mvua akinitazama. "Usiwe na haraka, mzee," akasema.

Mikono imezoea ndani ya nusu saa. Kichwa ndicho kinachosuasua; kila nikikata kona kinataka kunirudisha upande wa kwetu, wa kushoto. Mwishoni mwalimu akaniambia, "Mzee, unajua kuendesha mno. Hapo ndipo kazi ilipo." Nimelihesabu kuwa ni sifa.

Alhamisi, 25 Januari
Mvua. Kilomita: kumi na nane. Nimekatazwa kupiga honi kwenye kona.

Jumapili, 28 Januari
Jua la kuibia. Kilomita: sifuri kwa upande wangu.

Nimenunua gari, na binti yangu haniongeleshi tangu saa saba mchana.

Fundi wa lifti alinisindikiza kwa mjane mmoja anayeuza gari la marehemu mumewe, dogo, la kijivu. Nililala chini yake na suruali yangu nzuri. Nilivuta kijiti cha oili, nikainusa, nikawasha injini, nikafunga macho nikaisikiliza. Injini safi. Mumewe alikuwa mtu wa kubadilisha oili kwa wakati, hilo halifichiki.

Nilipoinuka nikakuta zamu ya kukaguliwa ni yangu. "Utampakia nani?" mjane akauliza.

"Mjukuu wangu."

"Anakula ndani ya gari?"

Nikaona hapa nikidanganya nitaumbuka. "Biskuti," nikasema. "Anamwaga makombo kila mahali."

Mama wa watu akafikiri. "Marehemu hakuniruhusu hata peremende, miaka arobaini," akasema, kisha akanikabidhi funguo. Nilimpenda papo hapo.

Jirani akaliendesha mpaka nyumbani, mimi nikiwa nimekaa kando kama mzigo. Binti yangu akashuka, akalizunguka. "Baba, umenunua gari huna leseni?"

"Leseni inakuja."

"Na isipokuja?"

Nikamwambia asiwe mtu wa wasiwasi hivyo. Ndipo akapanda zake juu. Huyu mtoto amekuwa mgumu kufurahi. Sijui ameurithi wapi ugumu huo.

Jumanne, 30 Januari
Mvua. Mimi na Bosi tumekaa nusu saa ndani ya gari, maegeshoni, injini imezimwa. Yeye ndiye mtahini. Amenifelisha mara nne, mara moja kwa kosa la kukohoa.

Jumatatu, 5 Februari
Somo la nane. Ukungu umeanza. Wenyeji wanasema ukianza hauondoki mpaka mwezi wa nne.

Ijumaa, 9 Februari
Ukungu asubuhi, ukafunguka. Barabara kavu. Kilomita: kumi na sita. Hitilafu: dereva.

Niandike yote, labda nitapoa.

Mtahini ni bwana mrefu mwenye kalamu ya kubofya. Mjini nilikwenda vizuri, kila taa, kila kivuko cha watembea kwa miguu. Akanielekeza barabara ya mlimani, nyembamba, ya kupanda. Nyuma yangu kikaja kigari chekundu, kina haraka, kimenigandia. Mbele mimi naona mpaka kilimani juu, peupe kabisa.

Sasa, kwetu sisi watu wa malori tuna desturi. Wewe uko juu, unaiona kona yote. Mwenye gari dogo nyuma yako haoni kitu ila mgongo wa trela. Basi unamsaidia. Ukimwashia indiketa ya upande wa pembeni, maana yake pita, ni salama. Ukimwashia ya upande wa katikati, tulia, kuna kitu kinakuja. Akishapita anakupigia honi mbili fupi za asante. Ni watu wangapi wamefika kwao salama kwa taa yangu, hata kwa majina siwajui. Kwa miaka thelathini na mmoja mkono huo haujawahi kuniomba ruhusa, na leo pia haukuomba.

Nikamwashia ya pembeni, ambayo huku ni ya kulia. Kigari kikafunga breki. Nikasema moyoni, huyu mwoga. Nikamwashia tena. Akafunga breki tena. Mara ya tatu akapiga honi, na haikuwa ya asante.

Mtahini akabofya kalamu. "Umewasha indiketa ya kulia mara tatu. Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nilikuwa namwambia wa nyuma apite."

"Nani kakutuma?"

Nikamweleza habari za trela na kona. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akasema, "Yule alidhani unaingia kwenye geti la shamba. Angekugonga." Akaandika. Nimeanguka.

Nyumbani Bosi alicheka mpaka akateleza kwenye kiti. Binti yangu hakucheka. Aliniwekea chai mbele, akauliza, "Imebaki mara ngapi?"

"Mbili."

"Haya," akasema, akarudi kwenye pasi yake.

Jumatano, 14 Februari
Ukungu. Bosi ana rula. Kila nikigusa indiketa bila sababu, naipata kwenye vidole. Gari limezimwa, lakini maumivu ni ya kweli.

Jumapili, 18 Februari
Fundi wa lifti ameanza kufunga masanduku. Ngazini nimelipisha kabati lake likishuka.

Ijumaa, 23 Februari
Ukungu mzito. Kilomita: kumi na nne.

Leo sikuigusa indiketa kabisa. Hata nilipokata kona. Njia panda mbili nimepita kimya kama mwizi, vidole nimevikaza kwenye usukani, nikijisifu moyoni kwamba leo mkono umetii. Mtahini akaniambia nisimame kando.

"Mara ya kwanza uliwasha bila kukata kona," akasema. "Leo umekata kona bila kuwasha." Nadhani alitaka kucheka akajizuia. Mimi sikuona cha kuchekesha. Imebaki mara moja, na ni tarehe tano Machi, Jumatatu. Jirani anahama Jumatano ijayo.

Jumamosi, 24 Februari
Ukungu. Nimetembea kwa miguu.

Leo naandika kwa shida.

Niliamka na hasira, nikavaa koti, nikatoka kwenda kuitazama ile barabara ya mlimani kwa miguu, nione hasa inanishinda nini. Simu niliiacha kitandani. Nilipofika juu nikakaa kwenye ukuta wa mawe nikahesabu magari, moja baada ya jingine, nani anawasha nini na wapi. Nilirudi baada ya muda wa saa nne hivi, nimeridhika, nina njaa.

Nilimkuta binti yangu amesimama mlangoni na sare yake ya kazi, na kazini hakwenda. Alikuwa ameshapiga simu hospitali tatu. Bosi amekaa kwenye ngazi, macho yamevimba.

"Ulikuwa wapi, Baba?"

"Nimekwenda kunyoosha miguu tu."

"Kwa saa nne nzima?"

Nikasema mimi si mtoto. Hapo ndipo yalipotoka. Hakupiga kelele, na heri angepiga.

"Mama alikuwa anajua uliko kwa kuwauliza madereva wenzako," akasema. "Anasimama kituo cha mafuta na kanga begani, anamwuliza kila mwenye lori, mmemwona? Sisi tunapika chakula cha watu watano, tunakifunika. Unakuja siku ya tatu, unacheka, umebeba mananasi, na sisi tunatakiwa tufurahi."

"Kazi ilikuwa hivyo. Simu hazikuwapo."

"Simu zilikuja, Baba. Zilikuja nikiwa darasa la saba."

Ni kweli. Nilikuwa nayo mfukoni. Nilikuwa nikijiambia, kesho nitafika, ya nini kupiga.

Kisha akasema neno ambalo limenikaa kifuani mpaka saa hizi. "Watu wote wa barabara ile uliwawashia taa. Sisi hukutuwashia hata siku moja."

Akaenda kunawa uso. Mke wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuniambia haya. Alikuwa akinipokea na maji ya kuoga. Nilidhani kimya kile ni utulivu wa nyumba. Na huyu mtoto niliyemwita mgumu, kumbe ni mtu aliyejifunza mapema asihesabu ahadi ya mtu aliyeko njiani. Ameurithi kwangu ugumu huo. Naandika ili nisije nikajisahaulisha.

Jumatatu, 26 Februari
Ukungu. Kilomita: ishirini.

Nimemwomba mwalimu somo la nyongeza. Alinisikiliza habari zote mbili za kuanguka, akavua kofia akajikuna kichwa. "Mzee, huku taa ile haimhusu wa nyuma. Ni ya kusema unakokwenda wewe, basi. Kabla hujaigusa, sema kwa sauti unakwenda wapi. Ukikosa la kusema, usiiguse."

Basi tumezunguka mji mzima nikitangaza. Nakata kushoto. Naendelea mbele. Nasimama kando. Kwa mara ya kwanza mkono na kichwa vikaelewana.

Bosi alipoisikia mbinu hiyo akaifanya sheria ya nyumba. Siruhusiwi kuinuka kwenye kiti bila tangazo.

"Naenda jikoni," nikasema jioni.

"Kufanya nini?"

"Kunywa maji."

"Utarudi?"

"Narudi."

Mama yake alikuwa anakunja nguo. Mikono yake ikasimama kidogo, kisha ikaendelea. Baadaye nikavaa koti, nikamwambia yeye mwenyewe, bila mchezo, "Mwanangu, naenda dukani kununua maziwa. Dakika kumi." Akatazama saa ya ukutani. Nilirudi dakika ya tisa, nahema, maana duka liko mbali kuliko nilivyodhani. Akatazama saa tena. Akapokea maziwa.

Jumatano, 28 Februari
Fundi wa lifti amehama. Bosi amempa mchoro wa lifti.

Alhamisi, 1 Machi
Ukungu wa kukata kwa kisu.

Kituo tumekosa. Tuliita teksi mbili. Ya kwanza ilikataa kutoka nje ya mji, ya pili haikufika. Bosi alikaa tayari na viatu vyake vya mazoezi tangu saa sita mpaka saa tisa, kisha akavivua mwenyewe akaviweka kwenye boksi. Kituo wamepiga simu kwa upole: hii ni mara ya kwanza. Ya pili ni Jumanne.

Nimefanya mazoezi naye sebuleni, kama nilivyomwona mtaalamu wa kituo akifanya siku niliyowasindikiza. Mguu ulikuwa umekaza. Nimeogopa. Nimevuka mito iliyofurika na mizigo ya simenti na sikuogopa hivi.

Ijumaa, 2 Machi
Ukungu.

Jumamosi, 3 Machi
Ukungu. Nimeosha gari.

Jumapili, 4 Machi
Nimeliosha tena.

Jumatatu, 5 Machi
Ukungu, unaona umbali wa magari matatu tu mbele. Kilomita: kumi na saba.

Binti yangu alibadilishana zamu ili anisindikize. Alikaa kwenye benchi la nje ya ofisi, mkoba ameushika kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Mwanangu, naingia sasa. Dakika arobaini na tano, halafu natokea mlango huu huu." Akaitikia kwa kichwa.

Mtahini alinitazama nilipoanza kutangaza. "Nakata kulia," nikasema, nikawasha. "Mzee, huna haja ya kuniambia," akasema. Nikamjibu kwamba haja ninayo mimi. Akaniacha.

Barabara ya mlimani tukaikuta. Na nyuma, kama aliyetumwa, gari lenye haraka. Juu ukungu ulikuwa umefunguka, naona mbele peupe, na mkono wangu ukaanza kuwasha. Nikaukaza. Nikasema kwa sauti, tena kubwa, "Mimi naendelea mbele. Siendi kwingine."

Kalamu ikaacha kubofya. "Nimekusikia," mtahini akasema.

Tuliporudi aliandika muda mrefu. Akachana karatasi, akanipa, akanipa na mkono. Leseni ya muda, jina langu juu yake, inaanza leo.

Binti yangu aliniona nikitokea, akaitazama saa yake kwanza. Dakika arobaini na nne. Ndipo akaniangalia usoni, na nikaona ameshajua. Tulikumbatiana pale mbele ya foleni ya watu. Sikumbuki mara ya mwisho.

Jumanne, 6 Machi
Ukungu kwenda, ukungu kurudi. Kilomita: sitini na nane, nilizoendesha mwenyewe.

Tumefika kituoni robo saa kabla. Mtaalamu amesema mguu umekaza kidogo lakini bado uko njiani kupona, na nafasi ni ya Bosi. Alhamisi anamngoja. Nimemtazama mtoto akipanda ngazi tatu za mbao bila kushika ubao wa pembeni, akanigeukia kuhakikisha nimeona.

Tuliondoka saa kumi. Nilikuwa nimemwambia mama yake tutakuwa nyumbani saa kumi na moja kasoro. Katikati ya safari ukungu ukashuka wote kwa mpigo, taa za mbele hazionyeshi hata mstari wa barabara. Zamani ningepita. Nimepita kwenye mabaya kuliko hayo, taratibu, dirisha wazi, sikio nje. Na ningefika, sina shaka. Nikamwambia Bosi, "Nakata kulia, naingia kituo cha mafuta," nikawasha, nikaingia, nikazima injini. Nikatoa simu.

Ilipokewa wodini, wakamwita.

"Mwanangu, ni mimi. Tuko kituo cha mafuta, nusu ya njia. Ukungu umekuwa mzito, nangoja upungue. Mtoto hajambo, yuko hapa pembeni yangu. Tutafika saa kumi na mbili badala ya kumi na moja."

Nikadhani simu imekatika.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, Baba. Sema tena."

Nikasema tena, yote, kuanzia kituo cha mafuta. Nikasikia sauti ya mkunga mwenzake ikimwuliza kulikoni, mbona analia, kuna msiba?

"Hakuna kitu," binti yangu akamjibu. "Ni baba yangu. Anasema atachelewa."